Mkono Wangu Juu ya Kichwa cha Mkaguzi

Waliokuwepo siku ile nawataja kabisa, ili mtu asije akasema bibi kajitungia. Nilikuwepo mimi, Nembris, mjane mkubwa wa marehemu mzee Loserian. Alikuwepo Naisula, mjane wake mdogo, maana tuliolewa boma moja na mpaka leo kuku wetu wanachanganyika. Alikuwepo Nashipai, mjukuu wa Naisula, ambaye kwa mila ni mjukuu wangu pia, ingawa siku ile hilo nililiweka kando makusudi. Alikuwepo mzee Lazaro mlinzi wa geti, ambaye mama yake na mama yangu walibatizwa siku moja. Alikuwepo Elirehema, Mchaga mmoja mpole wa ile kampuni inayotuchukulia mzigo. Alikuwepo mkaguzi aliyetoka Ulaya, jina lake alilitamka Yosti nami naliandika hivyo hivyo. Na walikuwepo wanawake thelathini wa meza saba, ambao nawajua wote kwa majina na majina ya mama zao, ila nikianza kuwaandika hapa daftari litaisha kabla ya aibu yenyewe.

Na aibu ipo, sikatai. Nina umri huu wa kuwa na vitukuu, nimezika mume, nimekaa kwenye baraza la wazee wa usharika wetu, halafu nikatolewa nje ya banda la maharage mbele ya watu wote kama kuku aliyeingia jikoni. Wengine mmeisikia Ngaramtoni sokoni, wengine mmeisikia hata mjini Kaloleni (mjukuu wangu Esupat anauza vitenge kule, akanipigia simu kuniuliza, koko, yaani bibi, ni kweli ulimbariki Mzungu kwa ugoro?), na kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake, kwa hiyo nimeona bora niisimulie mwenyewe, chumvi iwe ya kwangu.

Banda lenyewe mnalijua, lile la bati jipya juu ya barabara, ukiupa Mlima Meru mgongo. Watu huliita pakihausi. Wakulima wa huku wanaleta maharage machanga, yale membamba yanayoliwa na ganda lake, sisi tunayachagua, tunakata vikonyo, tunayapanga kwenye vifuko, yanaingia chumba cha baridi, jioni yanaondoka kwenda kupanda ndege, na wanayala watu ambao hatutawaona maisha yetu yote. Miaka kumi na moja mimi ndiye nilikuwa mnyapara wa meza zote. Sikupewa kwa karatasi, karatasi sina, darasa la tatu niliachia njiani, ila nilikuwa najua watu. Nilijua nani amefiwa, huyo nisimkalishe karibu na wacheshi. Nilijua Paulina na wifi yake hawasalimiani tangu ugomvi wa ng'ombe, nikawaweka meza mbali mbali. Nilijua nani ana mimba kabla mume wake hajajua, nikampa kiti chenye mgongo. Nilipangilia watu kama mtu anavyopanga kuni, kubwa chini, ndogo juu, na moto uliwaka.

Basi, dunia ikabadilika. Elirehema akaanza kuja na habari za ajabu, kwamba wanunuzi wanalalamika, kwamba Wakenya wanafunga mzigo haraka kuliko sisi, Wamisri nao wako jirani na Ulaya, Wamoroko ndio wako mlangoni kabisa, na sisi tukichelewa saa mbili tu, wenzetu wameshauza. Nikamwambia, "Waambie waje waonje ya kwetu, ni matamu." Akacheka akasema, "Mama, kule sokoni hakuna anayeonja. Wanaangalia muda na usafi. Na huo usafi wanautaka kwa maandishi."

Kwa maandishi! Hapo ndipo wakamleta Nashipai.

Nashipai alisomea mambo ya mboga chuoni, akafanya kazi kwenye shamba la maua kule Usa River, amepanga chumba chake Kimandolu, anajua Kizungu cha kuongea na cha kugombana. Wakampa usupavaiza. Mimi wakanipigia makofi, wakanipa kikoi na maneno mazuri, wakasema niendelee kuja "kama mshauri". Mshauri ni mtu ambaye haulizwi. Nilikuwa nakaa kwenye benchi la nje namwona yule binti anapita na rundo la funguo kiunoni, funguo zangu zile, zinalia cheng'e cheng'e, na kila cheng'e naihesabu moyoni.

Wivu wenyewe niuseme wazi, maana wote mliuona. Sikumwonea binti peke yake, nilimwonea bibi yake zaidi. Naisula hakunitambia hata siku moja, na hilo ndilo liliniua. Angenitambia ningemjibu. Yeye alikuwa anafagia uwanja anaimba pambio kwa sauti ya chini, akiniona ananiuliza, "Umeamkaje, Mama Lesikar?" kwa jina la mwanangu wa kwanza, na uso wake umetulia kama maziwa yaliyoganda. Nashipai alipopata mshahara wa kwanza alituletea shuka mbili, sawasawa, nyekundu, moja ya bibi yake na moja yangu. Naisula alipokwenda mtoni nikaingia kwake nikaishika shuka yake, nikaipima na yangu kwa vidole, nione ipi nzito. (Zilikuwa sawa. Nikaipima tena.)

Sasa tufike kwenye sheria, kwa sababu mkasa umezaliwa humo. Nashipai alileta sheria nyingi: ukiingia unavaa kofia ya wavu, eproni, glavu, shanga zote unaacha nje, hereni nje, ugoro ndio kabisa, hata harufu yake asiisikie. Hizo nilizimeza. Lakini akaleta na nyingine, akasema, "Mama zangu, salamu ya kichwa tutaifanyia getini. Ndani ya banda hakuna kuinamisha kichwa wala kushikwa kichwa. Nywele na glavu havikutani."

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Kwetu sisi mdogo akikutana na mkubwa haanzi kupayuka, anainamisha kichwa, mkubwa anamwekea kiganja juu ya utosi na kumsalimia. Ukipita mbele ya bibi hujainamisha kichwa, umempita kama gogo. Na bibi akimshika mmoja akamwacha mwingine aliyeinama, basi huyo wa pili atakwenda nyumbani anajiuliza amekosa nini, na jioni mama yake atakuja kuuliza. Ndiyo maana salamu ikianza inaenda mpaka mwisho. Sasa binti wa juzi anakuja kusema utosi na kiganja vikutane getini kama watu wanaokaguliwa mizigo! Nikasema moyoni, huyu hakatazi nywele, huyu ananikatia mikono.

Siku ya mkaguzi ikafika. Walituambia mapema: akipita vizuri tunapata cheti, na bila cheti yule mnunuzi mkubwa anahamia kwingine, banda linafungwa, wanawake thelathini wanarudi kukaa nyumbani. Hilo lilikuwa linajulikana na kila mtu, hata mimi nililijua, kwa hiyo msinitetee.

Asubuhi Nashipai akanijia kwa heshima zake zote. Akainama getini nikamshika kichwa, haraka haraka kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Akasema, "Koko, leo nakuomba ukae hapa getini na mzee Lazaro. Wewe ndiye utakayempokea mgeni. Wasichana wakiingia wakusalimie hapa hapa, wakiingia ndani wawe wameshamaliza."

"Getini," nikasema.

"Ndiyo, koko. Ni kazi kubwa."

"Mbuzi naye hufungwa getini," nikamwambia, "na kazi yake ni kubwa, anakula majani."

Akacheka kidogo, akadhani ni utani, akaenda zake na funguo zake. Naisula alikuwa amesimama pembeni (kazi ya banda aliiacha Nashipai alipopewa funguo, siku ile alikuwa amekuja kumwangalia mjukuu wake akifanya kazi na wageni, kachana, kajipaka mafuta, kavaa ile shuka), akaniambia kwa sauti yake ya maziwa, "Mjukuu wetu amekupa cheo, Mama Lesikar."

Mjukuu *wetu*. Angesema "wangu" labda ningekaa. Lile "wetu" lilinichoma, nikaona ananigawia kama mtu anayegawa mabaki ya sherehe. Hapo ndipo nikafanya uamuzi wangu mdogo, mdogo kabisa. Nikasema, nitaingia ndani dakika tano, nitakaa pale kwenye kiti changu cha zamani, meza ya kwanza, mgeni akiingia anione, ajue hapa kuna mtu aliyekuwepo kabla ya funguo. Basi. Kisha natoka.

Nikamwambia Lazaro naenda kujisaidia. Nikapita mlango wa nyuma. Na msidhani niliingia kihuni, hapana, nilinawa mikono mpaka kwenye viwiko, nikavaa eproni, nikavaa kofia ya wavu nikafanana na kitunguu sokoni, nikavaa glavu. Kila kitu kama sheria inavyosema, isipokuwa kikopo changu cha ugoro kilichokuwa kifuani, ambacho kwa kweli nilikisahau, kwa sababu mtu hakumbuki kuvua ziwa lake.

Nikaketi. Raha niliyoisikia kuketi pale siwezi kuieleza. Meza ya kwanza, ubaridi wa bati, harufu ya maharage mabichi, mikono ya wanawake inakwenda kasi kama mvua. Wa kwanza kuniona ni Nasieku, binti wa marehemu Ngoto Saning'o, anapita na kreti. Akasimama. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaniangalia mimi. Maskini ya Mungu, angefanyaje? Akainamisha kichwa.

Hapo ningeweza kusema, "Pita mwanangu, leo hapana." Maneno manne. Nikamwekea glavu utosini. "Takwenya, Nasieku."

"Iko," akaitika, akaondoka kasi.

Lakini Namayani alikuwa nyuma yake na ameona. Namayani naye akainama, nikamshika. Neema akaona Namayani ameshikwa. Mama Loishiye, mtu mzima kabisa, akaacha kisu akaja. Paulina akaja, na wifi yake alipoona Paulina amekwenda akaona ataonekana ndiye mkorofi, naye akaja. Jamani, palijipanga foleni kutoka meza ya kwanza hadi ya nne, na mimi nakwenda takwenya, iko, takwenya, iko, na kati ya kichwa na kichwa (hili ndilo baya lenyewe) mkono unarudi mezani unachambua maharage mawili matatu, kwa sababu mazoea ya miaka kumi na moja hayalali. Kreti zikajaa njiani. Mizani ikasimama. Na moyo wangu, Mungu anisamehe, ulikuwa unaimba: haya sasa, binti wa funguo, njoo uone watu ni wa nani.

Akaja kuona. Mlango mkubwa ulifunguka nikiwa kwenye kichwa cha kumi na tisa.

Nashipai mbele, Elirehema nyuma, katikati yule mkaguzi, kijana mrefu kama mlingoti, mwembamba, kofia ya wavu imemkaa juu juu, na ubao wake wa kuandikia mkononi. Foleni ikayeyuka. Kila mtu akarudi mezani kwake akaanza kukata maharage yaliyokwisha kukatwa. Nashipai aliniona. Uso wake ulibadilika rangi, kwanza ukawa wa majivu, kisha sijui wa nini, lakini akampeleka mgeni upande wa pili akionyesha masinki. Nikadhani nimepona. Nikasema, ngoja niondoke polepole.

Kumbe mkaguzi yeye anataka meza ya kwanza. Akaja moja kwa moja. Akanitabasamia. Kreti ya chini kabisa, karibu na miguu yangu, ina karatasi yenye namba ya mkulima, na yeye akataka kuisoma, basi akakunja ule urefu wake wote, akainama mbele yangu, kichwa chake kikaja pale pale, usawa wa kifua changu.

Ndugu zangu. Nimefikiri sana juu ya jambo hili na sina cha kujitetea. Mkono ulikwenda wenyewe. Vichwa kumi na tisa vimekuja mbele yangu, kinakuja cha ishirini, mkono utajuaje kwamba hiki ni cha Ulaya? Nikamwekea glavu utosini, nikasema kwa sauti ya bibi kabisa, "Supai!"

Kwetu mwanamume akiambiwa supai huitika epa. Yeye hakuitika. Kisha kutoka meza ya pili Namayani, nadhani kwa huruma, kwa sababu salamu isiyoitikiwa inatia uchungu, akaitika kwa niaba yake: "Epa!"

Yule mtu akashtuka akainuka kwa nguvu, kisogo chake kikagonga ukingo wa meza, paa! Meza ikatikisika, kreti ya juu ikateleza ikamwaga maharage chini, yeye akakanyaga maharage, na mnajua maharage mabichi juu ya saruji yenye maji, mguu mmoja ukaenda Namanga na mwingine ukaenda Moshi. Akashika kilichokuwa karibu. Kilichokuwa karibu ni eproni yangu. Tukaenda chini wote wawili, mimi juu ya kreti tupu, yeye juu ya maharage, na kikopo changu kikachomoka kifuani, kikagonga sakafu, mfuniko ukaruka, ugoro wote ukapaa.

Ulikuwa ugoro mkali, wa yule mama wa Oljoro. Mkaguzi alipiga chafya saba. Nilizihesabu, sikuwa na kazi nyingine.

Elirehema alikuwa anamnong'oneza Nashipai kwa Kiswahili, mimi niko chini pale nasikia: "Mwambie ni mgeni kapotea njia. Sema hatumjui. Tutaokoka."

Nashipai akamwangalia. "Nimkane bibi yangu mbele ya watu thelathini?"

"Basi sema amechanganyikiwa, ni mzee."

"Hajachanganyikiwa. Anajua kila kitu kilichomo humu." Kisha akapaza sauti, sauti ambayo sikujua kama anayo: "Meza zote, mikono juu! Hakuna kugusa kitu!"

Jozi thelathini za mikono zikapanda juu kama kanisani. Akamgeukia mkaguzi akaongea Kizungu, polepole, na Elirehema akawa anatafsiri kwa ajili ya wote, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine: huyu ni bibi yangu. Yeye ndiye alikuwa mnyapara hapa kabla yangu. Ameshika vichwa na ameshika maharage. Kosa limetokea kwenye zamu yangu, nilimweka getini bila kukaa naye nikamweleza kwa nini. Meza nne zilizoguswa tunatupa mzigo wote, tunaosha, tunaandika, ndipo tuanze upya.

Halafu akaja mbele yangu. Nikasubiri ainame aniinue. Hakuinama. Alisimama wima, mikono nyuma, akaniambia, "Koko, toka nje."

Mjukuu hamwambii bibi hivyo. Nikageuza macho nitafute mtu mmoja wa kumkemea. Nilimtafuta Mama Loishiye, nikamtafuta Paulina, nikamtafuta Nasieku niliyemshika kichwa nusu saa iliyopita. Wote walikuwa wanaangalia yale maharage chini. Hapo nikaelewa walikuwa wanaangalia nini. Watoto wao wako nyuma ya yale maharage. Na nilipoinuka kumpita nikaona kitu kingine: ile mikono ya Nashipai aliyoiweka nyuma ilikuwa imezikamata funguo zisilie.

Nikatoka. Kutoka meza ya kwanza mpaka mlangoni ni hatua ishirini na sita, siku nyingine zilikuwa kumi.

Nje getini nikakuta kiti changu kina mtu. Naisula. Kwa kuwa niliondoka na mgeni akafika, Lazaro alimwomba Naisula akae pale ampokee. Kakaa na shuka yake, kanyooka kama malkia. Nikakaa kwenye jiwe. Tukaangalia mapipa ya maharage yakitolewa, maharage ya kupanda ndege, yanakwenda kuliwa na ng'ombe wa Lazaro. Na sijawahi kuona mtu aliyejizuia kufurahi kama Lazaro.

Saa nane mkaguzi akatoka, macho mekundu. Elirehema akatuletea habari: cheti tumepewa, lakini kwa sharti. Amesema mabanda mengi kosa hufichwa akifika, hapa limetokea mbele yake na limetengenezwa mbele yake. Atarudi bila kutangaza. Akirudi akute bibi yeyote ndani na ugoro, mzigo hautapanda ndege tena. Na jina langu limeandikwa kwenye kitabu cha makosa, nikaweka na sahihi: Nembris, vichwa ishirini.

Ningeishia hapo ningevumilia. Lakini Nashipai alikuwa amemweleza ile salamu maana yake nini, na getini ndipo inaporuhusiwa, basi yule mrefu akavua kofia ya wavu, akasimama getini, akainamisha kichwa kwa adabu zote.

Mbele ya Naisula.

Kwa sababu Naisula ndiye aliyekuwa kwenye kiti. Naye akamwekea kiganja kitupu, kisafi, akasema supai, na yule Mzungu, aliyefundishwa ndani, akaitika "Epa" mpaka Lazaro akapiga makofi. Mimi niko kwenye jiwe, nina ugoro kwenye nyusi. Nikasikia wivu unapanda kutoka kwenye nyayo.

Walipoondoka nikashindwa. Nikamwambia Naisula, "Umefurahi sasa. Umechukua na kiti changu."

Akakunja shuka yake taratibu. "Mama Lesikar, leo umekaa nje asubuhi moja tu ukashindwa kuvumilia. Mimi ulinikalisha meza ya saba miaka kumi na moja."

Meza ya saba ni ile ndogo ya mtu mmoja, ya mlangoni, kwenye upepo, jirani na pipa la mabovu, inzi wote wa dunia wako pale.

"Nani alikukalisha?"

"Wewe."

"Ilikuwa zamu," nikasema. "Kila mtu alikaa pale kwa zamu."

"Zamu ya nani mwingine?" Hakuuliza kwa ukali. Kisha akainuka akaenda kumpelekea mjukuu wake uji, maana alikuwa hajala tangu alfajiri.

Yule binti sasa anapanga watu kwa kuniuliza, Jumatatu Jumatatu, getini, na mimi namjibu. Wivu haujakwisha wote, nisiwadanganye, ila funguo zikilia siku hizi nasikia funguo tu. Glavu sitavaa tena maisha yangu, na ndani ya lile banda sitaingia hata nikiitwa na askofu. Na wewe uliye mkubwa mahali popote, ukiachia kiti, kaa mbali nacho kwanza, ujue kilikuwa kinakutuma kufanya nini kwa watu.

Lakini lile swali halijanitoka. Mimi ninayekumbuka nani alizaliwa mwaka gani wa njaa, ninayekumbuka majina ya mama za watu thelathini, nimekaa na hili daftari siku tatu natafuta jina moja tu la mwanamke mwingine niliyewahi kumkalisha meza ya saba. Kwa hiyo nyie mliokuwepo, kama nimekosea mahali, kama chafya zilikuwa sita, kama hatua zilikuwa pungufu, nisahihisheni. Na kama lipo hilo jina, nawaombeni sana, nitajieni.